Mtindo wa maisha na saratani ya matiti: takwimu tunazozisoma nusu nusu

Februari 2025, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, wenye makao yake Lyon, Ufaransa, ulitoa makadirio yaliyosambaa haraka: mwanamke mmoja kati ya 20 duniani atagundulika kuwa na saratani ya matiti katika maisha yake, na mwenendo wa sasa usipobadilika, ifikapo mwaka 2050 kutakuwa na wagonjwa wapya milioni 3.2 na vifo milioni 1.1 kila mwaka. Mwezi mmoja kabla yake, Dk. Vivek Murthy, wakati huo Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, alitoa tahadhari rasmi kwamba pombe husababisha saratani, ya matiti ikiwemo. Tangu hapo mjadala kuhusu "mtindo wa maisha" umepamba moto, na umezaa kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema ugonjwa huu sasa ni wa kujitakia: kula vizuri, fanya mazoezi, acha pombe, hautakupata. Ya pili inasema hayo yote ni maneno matupu, kwani kila mmoja wetu anamjua mama aliyeishi kwa kujitunza na bado akaugua.

Naona kambi zote mbili zimesoma nusu ya takwimu. Tabia chache za kila siku hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa kiasi kinachopimika, na kiasi hicho kikijumlishwa kwa mamilioni ya wanawake ni maisha mengi mno. Ila kwa mwanamke mmoja mmoja punguzo hilo ni dogo. Halitoshi kumhakikishia usalama aliye mzima, wala kumtia hatiani aliyeugua. Mtu akishika upande mmoja wa ukweli huo na kuuacha wa pili, ama anawatisha watu bure ama anawanyima habari wanayostahili kuipata.

Jambo lenyewe si geni. Mwanzoni mwa karne ya 18, daktari wa Italia Bernardino Ramazzini aliandika kwamba watawa wa kike walikuwa wakiugua saratani ya matiti kuliko wanawake wengine. Mwaka 1926 daktari Mwingereza Janet Lane-Claypon alilinganisha wanawake 500 wenye ugonjwa huo na wengine 500 wasio nao, akaona tofauti katika idadi ya watoto, umri wa kuolewa na unyonyeshaji. Leo tunaelewa kwa kiasi kikubwa walichokuwa wakikiona. Homoni ya estrojeni huchochea seli za titi kugawanyika, na kila zinapogawanyika kuna nafasi ya kosa kuingia katika vinasaba. Kwa hiyo kuvunja ungo mapema na kuchelewa kukoma hedhi huongeza hatari kidogo kidogo, kwa sababu miaka ambayo titi linapata msukumo huo inakuwa mingi. Kuzaa na kunyonyesha hupunguza. Mabinti wa sasa katika nchi nyingi huvunja ungo mapema kuliko bibi zao, huzaa wakiwa wamekomaa zaidi na huzaa watoto wachache. Mengi ya hayo ni matunda ya lishe bora, elimu na uhuru wa kupanga uzazi, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kuyarudisha nyuma. Nayataja mapema kwa sababu sehemu kubwa ya ongezeko la ugonjwa huu inatokana na mabadiliko ambayo hakuna mwanamke aliyeyachagua akiwa amesimama mbele ya kabati la chakula.

Yapo, hata hivyo, yanayobadilishika, na hapa ndipo namba zinapopotosha zikisomwa kwa pupa. Chukua pombe, ambayo kwangu ndiyo habari iliyofichika kuliko zote. IARC iliiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani vile vilivyothibitishwa, mwaka 1988, na mwaka 2007 ikathibitisha uhusiano wake na saratani ya matiti. Mwili huivunja pombe kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba. Juu ya hapo, pombe hupandisha kiwango cha estrojeni. Tafiti kubwa zimeonyesha kwamba kila gramu 10 za pombe kwa siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 7 hadi 12. Mwandishi wa vichwa vya habari akiona asilimia 12 anaandika kwa herufi kubwa. Msomaji naye anadhani sasa ana nafasi 12 katika 100 za kuugua kwa sababu ya glasi yake ya jioni. Sivyo. Ripoti ya Murthy iliieleza vizuri zaidi: kati ya wanawake 100 wanaokunywa chini ya kinywaji kimoja kwa wiki, takriban 11 watapata saratani ya matiti katika maisha yao. Kati ya 100 wanaokunywa kinywaji kimoja kila siku, yaani kopo la kawaida la bia au glasi ya divai, ni 13. Kwa vinywaji viwili kila siku, ni 15.

Zitazame namba hizo kwa utulivu. Wanawake 85 kati ya 100 wanaokunywa vinywaji viwili kila siku hawatapata ugonjwa huu. Kati ya 15 watakaoupata, 11 wangeupata hata wasingegusa pombe, na hakuna daktari awezaye kunyoosha kidole na kusema wanne waliobaki ni akina nani. Anayesema pombe haina neno kwa sababu shangazi yake alikunywa hadi uzee anawatazama wale 85. Anayemwambia mgonjwa "ni pombe zako" anajifanya anawajua wale wanne. Na anayesema tofauti ya wanne ni ndogo, basi aizidishe kwa idadi ya wanawake wanaokunywa duniani: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa karibu wagonjwa wapya 100,000 wa saratani ya matiti katika mwaka 2020 peke yake walitokana na pombe. Hao ni watu, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa kwamba kinywaji wanachohusisha na ini kina uhusiano wowote na titi.

Kuhusu uzito, ukweli una kona ambayo ushauri wa haraka haraka huiruka. Kabla ya kukoma hedhi, wanawake wenye uzito mkubwa huonekana kuwa na hatari ndogo kidogo ya saratani ya matiti kuliko wembamba. Baada ya kukoma hedhi mambo hugeuka. Ovari zikishaacha kutengeneza estrojeni, kazi hiyo hubaki kwa sehemu kubwa kwa mafuta ya mwili, ambayo hugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Mafuta yakiwa mengi, estrojeni nayo huwa nyingi. Utafiti mrefu wa wauguzi wa Marekani ulioanza mwaka 1976 ulionyesha kwamba walioongezeka kilo 25 au zaidi tangu wakiwa na miaka 18 walikuwa na hatari ya juu kwa asilimia 45 baada ya kukoma hedhi, wakilinganishwa na wale ambao uzito wao haukubadilika sana. Ndani ya utafiti huohuo, wanawake ambao hawakuwahi kutumia vidonge vya homoni wanavyopewa waliokoma hedhi, wakapunguza kilo 10 au zaidi baada ya kukoma hedhi na wakabaki hapo, walikuwa na hatari pungufu kwa zaidi ya nusu. Matokeo haya yanafaa kurudiwa mara nyingi kuliko yanavyorudiwa, kwa sababu yanamwambia mwanamke wa miaka 55 kwamba hajachelewa. Wengi wa umri huo hudhani mashindano yameshaisha.

Mazoezi yanakwenda sambamba na uzito lakini yana faida yake peke yake. Hata kwa wembamba, wanaojishughulisha na mwili huonekana kuwa na hatari pungufu kwa kati ya asilimia 10 na 20 hivi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, na kutembea kwa haraka, baiskeli, kulima au kazi ngumu za nyumbani vyote vimo ndani ya hesabu hiyo. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba neno "mazoezi" limewafukuza wanawake wengi wanaofanya kazi za mikono tangu alfajiri na kuamini kwamba ushauri huu ni wa watu wenye viatu maalumu.

Unyonyeshaji una ushahidi mpana kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa kimataifa lilikusanya takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30, zikiwa na wanawake zaidi ya 50,000 wenye saratani ya matiti na karibu 97,000 wasio nayo. Waligundua kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, mbali na asilimia 7 inayopunguzwa na kila uzazi. Miezi hiyo hujumlishwa katika maisha yote ya mama, kwa hiyo aliyenyonyesha watoto watatu mwaka mmoja mmoja ana akiba ya miaka mitatu. Wapo ambao hawakujaaliwa watoto, na wapo ambao maziwa yaligoma au mtoto alizaliwa mgonjwa. Kwao takwimu hii haipaswi kugeuzwa fimbo, kwani njia nyingine zote nilizotaja ziko wazi kwao kama kwa wengine.

Sasa nije kwenye pingamizi lililo zito. Wakosoaji makini husema tafiti nyingi za aina hii hazikuwagawa watu kwa kura. Ziliwafuata tu wanawake wakiishi wanavyoishi. Mwanamke anayefanya mazoezi mara nyingi pia ana kipato, ana muda na ana daktari, basi utajuaje ni mazoezi yaliyomsaidia? Pingamizi hili ni la haki, na ndilo linalonifanya niseme "hupunguza hatari" na nisiseme "huzuia". Hata kuhusu pombe, IARC ilipopitia ushahidi mwaka 2023 ilikubali kwamba kuacha pombe kunapunguza saratani ya mdomo na ya umio, lakini kwa titi ikasema ushahidi wa faida ya kuacha bado ni finyu. Kujua kwamba kitu kinaongeza hatari na kujua hatari hiyo inashuka kwa kasi gani ukishakiacha ni maswali mawili tofauti.

Lakini pingamizi hilo halibomoi jengo lote. Huko Alberta, Canada, wanawake 320 waliokoma hedhi waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa mpango wa mazoezi wa mwaka mzima na nusu wakaendelea na maisha yao ya kawaida. Kwa waliofanya mazoezi, estrojeni kwenye damu ilishuka zaidi. Jaribio hilo halikupima saratani, lilipima njia ambayo saratani hupitia, na njia ilionekana kupungua upana. Ushahidi mwingine ulikuja bila kupangwa. Julai 2002 watafiti wa Marekani walisimamisha sehemu ya jaribio kubwa la vidonge vyenye mchanganyiko wa estrojeni na homoni nyingine, projestini, walivyopewa wanawake waliokoma hedhi, baada ya kuonekana kwamba madhara yake, saratani ya matiti ikiwemo, yanazidi faida. Mamilioni waliacha vidonge hivyo ndani ya miezi michache. Mwaka 2003 kiwango cha saratani ya matiti nchini humo kilishuka kwa karibu asilimia 7, hasa kwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Vidonge si tabia kama kutembea kwa miguu, najua. Ila tukio hilo lilionyesha kwamba ukipunguza homoni zinazolifikia titi, hata ukubwani, idadi ya wagonjwa inaweza kusogea.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na inayosikika kuliko zote, ni ile ya majaliwa: ugonjwa umo kwenye damu ya ukoo, anayepangiwa atapata. Kwanza, saratani za matiti zinazotokana moja kwa moja na vinasaba vya kurithi ni kati ya asilimia 5 na 10 tu. Pili, hata kwa hao, mazingira yana kauli. Mary-Claire King, mwanasayansi aliyeonyesha mwaka 1990 mahali ilipo jeni ya BRCA1, alichapisha na wenzake mwaka 2003 utafiti kuhusu wanawake waliorithi mabadiliko ya BRCA1 au BRCA2, jeni mbili ambazo kasoro zake huongeza sana hatari ya saratani ya matiti. Waliozaliwa kabla ya mwaka 1940 walikuwa na uwezekano wa asilimia 24 wa kuugua kabla ya kufikisha miaka 50. Waliozaliwa baada ya hapo, asilimia 67. Kasoro ni ileile, maisha ni tofauti. Na waliofanya mazoezi na kuwa na uzito wa kawaida walipokuwa wasichana walichelewa kuugua. Hatari ya wanawake hawa bado ni kubwa sana na wanahitaji uangalizi wa kitabibu ambao matembezi ya jioni hayawezi kuchukua nafasi yake. Lakini kama damu ya ukoo ingekuwa hukumu ya mwisho, miaka ya kuzaliwa isingeleta tofauti kubwa namna hiyo. Vilevile kwa wahamiaji: wanawake wa Kiasia waliohamia Marekani, na zaidi binti na wajukuu zao, hatari yao ilipanda kuelekea ile ya wenyeji. Vinasaba havibadiliki ndani ya vizazi viwili.

Nafasi ambayo majaliwa huiacha wazi hujazwa na wauza miujiza. Orodha za vyakula vinavyo"ua seli za saratani" zinapita kila mahali, na pembeni yake onyo kuhusu sidiria na manukato ya kwapani. Utafiti uliofanyika Seattle na kuchapishwa mwaka 2014 haukuona uhusiano wowote kati ya uvaaji wa sidiria na saratani ya matiti, na mwingine wa mwaka 2002 haukuuona kwa manukato hayo. Kuhusu chakula, jaribio kubwa la Marekani liliwagawa kwa kura wanawake karibu 49,000, wengine wakielekezwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Baada ya miaka minane hivi, tofauti ya saratani ya matiti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo kiasi kwamba huenda ilitokea kwa bahati tu. Ikiwa kubadili mlo mzima kulileta tofauti ndogo namna hiyo, mbegu moja au juisi moja italeta nini? Mboga na matunda vina faida nyingi kwa moyo na kwa uzito. Kuviuza kama kinga ya titi ni kumpotezea mwanamke fedha, na mara nyingine ni kumpotezea miezi ambayo angeitumia hospitalini.

Nimewahi kuketi na mama aliyetoka kupokea majibu yake, na mgeni wa kwanza kuingia akamuuliza, kwa upole kabisa, "Kwani ulikuwa unakula nini?" Mama yule alinyamaza, kisha akaanza kujitetea. Takwimu zilizokusanywa kwa miongo mingi ili kuokoa watu zilikuwa zimegeuka mashtaka sebuleni kwake. WHO inasema wazi kwamba takriban nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote mahususi zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Kati ya asilimia 0.5 na 1 huwapata wanaume. Shirika la Cancer Research UK linakadiria kwamba nchini Uingereza asilimia 23 ya saratani za matiti zingeweza kuzuilika. Hiyo ni karibu robo, na robo ya ugonjwa huu ni umati wa watu. Lakini mwenye kuisoma asilimia 23 lazima aisome na 77 pamoja, na 77 ndiyo inayopaswa kumfunga mdomo yule mgeni.

Ukishaukubali ukweli wa pande zote mbili, mzigo unahama. Mambo yanayopunguza hatari kwa kiasi kidogo kwa kila mtu huleta matokeo pale yanapowafikia wengi kwa pamoja, na hilo haliwezekani kwa kumkaripia mwanamke mmoja mmoja. WHO inashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita na aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Miezi sita ni wiki 26. Katika pengo hilo la wiki 12 ndimo mama anaporudi kazini na maziwa yakakauka, kisha tunamhubiria faida za kunyonyesha. Vivyo hivyo kwa pombe. Ireland ilipitisha mwaka 2023 kanuni ya kuweka onyo la saratani kwenye chupa, lianze Mei 2026; mwaka 2025 serikali yake ikaisogeza hadi 2028. Mnunuzi anaombwa achague kwa busara huku habari ya kumsaidia kuchagua ikizuiwa isimfikie. Wanaosema serikali haina haki ya kuingilia glasi ya mtu mzima wana hoja nikiwa nazungumzia marufuku. Onyo kwenye chupa halimkatazi mtu kunywa.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo la haraka zaidi. Mahubiri ya mtindo wa maisha yanaweza kuua pale yanapomfanya mwanamke ajione amekingwa. Mpango wa WHO wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021 unataka asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike ugonjwa ukiwa hatua ya kwanza au ya pili, na uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Lengo ni kuokoa maisha milioni 2.5 ifikapo 2040. Hakuna mazoezi yanayoweza kufanya kazi ya siku hizo 60. Uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, badiliko lolote la umbo lisiloisha: mwenye dalili hizo aende akapimwe, awe amenyonyesha watoto watano au hakuzaa kabisa, awe hajawahi kuonja pombe au alikunywa jana. Na anayempokea dirishani, kabla ya kumuuliza anaishije, ampangie tarehe ya kipimo.